Je, wajua kwa nini dereva aliyeshinda mbio nyingi za langalanga huweza kukosa ubingwa?

Jumapili ya tarehe 7 Desemba 2025, saa kumi jioni kwa saa za hapa Uganda, magari ya Formula 1 yaliondoka mstarini kule Abu Dhabi kwa duru ya 24, iliyokuwa ya mwisho katika msimu. Tulikuwa watu tisa mbele ya televisheni, katika kibanda kimoja cha Kampala ambacho kwa kawaida huonyesha kandanda, na jirani yangu alikuwa ameandika hesabu yake kwa kalamu kwenye karatasi iliyofungia rolex yake, yaani chapati iliyokunjwa na mayai: Norris 408, Verstappen 396, Piastri 392. Mbio zilipokwisha, mafuta ya chapati yalikuwa yameshaifikia ile 392. Max Verstappen alishinda, Oscar Piastri akawa wa pili na Lando Norris wa tatu. Lakini aliyelia kwa furaha na kukumbatiwa na watu wake alikuwa huyo wa tatu. Kijana mmoja aliyekuwa amekuja mapema kusubiri mpira akauliza, "Mzee, mbona bingwa ni wa tatu, na yule wa kwanza ameshinda mara nyingi kuliko yeye?"

Alikuwa amesema kweli, kwa kuwa msimu huo Verstappen alishinda duru 8, na Norris 7. Hata hivyo, ubingwa wa dunia wa madereva hauhesabu ushindi. Hujumlisha pointi za msimu mzima. Tangu mwaka 2010 mshindi wa duru hupata pointi 25, wa pili 18, wa tatu 15, wa nne 12, wa tano 10, kisha 8, 6, 4, 2 na 1 kwa wanaofuata hadi wa kumi. Zipo pia wikendi chache, ambazo mwaka 2025 zilikuwa 6, zenye mbio fupi za Jumamosi zinazompa mshindi wake pointi 8. Majaribio ya Ijumaa hayana pointi, wala mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia.

Jibu la kijana yule limo katika mapengo kati ya namba hizo. Anayeshinda humzidi wa pili kwa pointi 7 tu, ilhali asiyemaliza mbio huondoka mikono mitupu. Tuseme dereva anamshinda mpinzani wake mara tatu mfululizo, na mpinzani huyo anakuwa wa pili mara zote tatu: faida yake ni pointi 21. Katika duru ya nne injini ikimharibikia na mpinzani akashinda, pointi 25 zinakwenda upande wa pili kwa mchana mmoja, na mwenye ushindi mara tatu anajikuta nyuma kwa pointi 4 ya mwenye ushindi mmoja. Kwa sababu hiyo shabiki aliyeufuatilia msimu tangu mwanzo hatazami gari la mbele peke yake; humtazama kwa makini vilevile bingwa mtarajiwa anayehangaika katika nafasi ya saba, maana kati ya nafasi ya saba na ya tano kuna pointi 4, na ubingwa umewahi kuamuliwa kwa pungufu ya hapo.

Kwa mashabiki wa Uganda waliozoea kusimama katika vumbi la Pearl of Africa Rally, mbio za magari za hapa nchini, jambo hili si geni. Dereva wetu Charles Muhangi alipotwaa ubingwa wa Afrika wa mbio za aina hiyo mwaka 1999, naye alihesabiwa pointi za duru mbalimbali, wala si ushindi wa siku moja.

Katika langalanga mifano ni mingi. Mwaka 1958 Mike Hawthorn alikuwa bingwa kwa ushindi mmoja tu, huku Stirling Moss akiwa ameshinda mara nne. Mwaka 2008 Felipe Massa alishinda duru 6 na Lewis Hamilton 5, lakini Hamilton akatwaa ubingwa kwa pointi 98 dhidi ya 97. Mfano unaoniuma zaidi, hata baada ya miaka yote hii, ni wa mwaka 1984. Alain Prost alishinda duru 7 na Niki Lauda 5, wote wakiwa katika timu ya McLaren, na Lauda akamshinda kwa nusu pointi: 72 kwa 71.5. Nusu hiyo ilitoka Monaco, ambako mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba Prost, akiwa anaongoza, alipunga mkono kuomba mbio zisimamishwe. Zikasimamishwa kabla ya kufika nusu ya safari, naye akapewa nusu ya pointi 9 za mshindi wa enzi hizo, yaani 4.5. Kama zingeendelea hadi mwisho na akapitwa na gari moja, nafasi ya pili ingempa pointi 6, na ubingwa ungekuwa wake.

Msimu wa 2025 nao ulikuwa na siku zake za namna hiyo. Mbio za Las Vegas hukimbiwa Jumamosi usiku kule Marekani, nasi tulizitazama Jumapili saa moja asubuhi, wengine wakiwa tayari wamevaa nguo za kanisani. Norris alimaliza wa pili. Tuliporudi kutoka ibadani, yeye na Piastri walikuwa wameondolewa katika matokeo, kwa sababu ubao ulio chini ya magari yao ulikuwa umelika na kuwa mwembamba kuliko milimita 9 zinazotakiwa. Pointi 18 za Norris zilipotea kwa sehemu ndogo ya milimita, na pengo likapungua kiasi kwamba Abu Dhabi ikawa na madereva watatu wanaowania taji.

Hesabu ya mwisho ilikuwa Norris 423, Verstappen 421, Piastri 410. Hapa ndipo wingi wa ushindi ungekuwa na kazi, kwa kuwa madereva wakilingana pointi, kanuni humpa ubingwa aliyeshinda duru nyingi zaidi. Verstappen hakuhitaji kumpita Norris. Pointi 2 za kulingana naye zingemtosha. Nilimweleza kijana kwamba pointi hizo hazikupotea Abu Dhabi, alikoshinda, bali Barcelona, tarehe 1 Juni, alipomgonga George Russell zikiwa zimebaki dakika chache. Alivuka mstari akiwa wa tano, waamuzi wakamwongezea sekunde 10, akashuka hadi nafasi ya kumi: pointi 10 zikawa 1.

Jirani yangu aliigeuza karatasi yake upande usio na mafuta, akaandika 9, na chini yake akaandika 2.