Kabla ya kupandisha kitanda darini

Kazi yangu ni uhandisi wa miundo, na nyumba ninazoshughulika nazo zaidi ni zile ndogo za safu za hapa England: sebule na jiko chini, vyumba viwili juu, ukuta mmoja na jirani wa kushoto na mwingine na wa kulia. Watoto wakiongezeka, watu huanza kuitazama dari, ile nafasi iliyo chini ya paa, wakitaka kuigeuza chumba. Waswahili wenzangu wanaponipigia simu, swali la kwanza karibu kila mara ni lile lile: "Nimesikia dari haihitaji kibali. Ni kweli?"

Hapo vitu viwili vinachanganywa. Kibali cha mipango kinahusu nyumba inavyoonekana na inavyowagusa majirani. Nyumba ya safu inaruhusiwa kuongeza hadi mita za ujazo 40 za paa bila kuomba kibali hicho. Iliyoungana na nyingine upande mmoja tu, au iliyosimama peke yake, mita 50. Masharti yapo: usipite kimo cha paa lililopo, usichomoze upande unaotazama barabara, na vifaa vya nje vifanane na vya zamani. Fleti na nyumba zilizo katika maeneo ya hifadhi hazimo katika ruhusa hiyo.

Kanuni za ujenzi ni jambo jingine kabisa, na ukigeuza dari kuwa chumba huwezi kuzikwepa. Hizo zinauliza kama sakafu itabeba, na kama aliyelala juu ataweza kutoka nyumba ikishika moto.

Mama mmoja mzaliwa wa Tanga, anayeishi mashariki mwa London, aliniita nimwangalizie chumba cha dari alichokikuta tayari aliponunua nyumba. Baada ya shikamoo na chai akaniambia, "Mwanangu, wajukuu wangu wanalala huko juu, na sakafu inanitia wasiwasi." Nilimwomba glasi ya maji, nikaiweka sakafuni katikati ya vitanda, nikatembea hatua tatu. Maji yakacheza mpaka ukingoni. Tuliponyanyua zulia na kung'oa ubao mmoja, tulikuta boriti za inchi nne kwa mbili, zile zile zilizowekwa zamani kushikilia dari ya chumba cha chini. Aliyekijenga chumba alipigilia mbao juu yake, akapaka rangi, akaondoka.

Boriti za dari kwa kawaida hupigiwa hesabu ya mzigo wa kilo 25 hivi kwa kila mita ya mraba, yaani masanduku machache na fundi anayepanda mara moja kwa mwaka. Sakafu ya chumba cha kulala hupigiwa kilo 150. Ndiyo maana tunaweka boriti mpya, mara nyingi za milimita 200, kando ya zile za zamani bila kuigusa dari ya chini, na kuzikalisha juu ya boriti za chuma zinazoingia kwenye kuta za pande mbili. Kuta hizo ni zako na jirani, kwa hiyo sheria ya kuta za pamoja ya mwaka 1996 inakutaka umpe taarifa ya maandishi miezi miwili kabla ya kuzigusa. Mpelekee mwenyewe, mkazungumze, kabla hajasikia nyundo.

Kama nyumba yako ilijengwa kuanzia miaka ya 1960, panda kwanza na tochi. Ukiona vijiti vyembamba vimeungana mfano wa herufi W, hizo ni kenchi za kiwandani, na kila kijiti kinategemea mwenzake. Usimruhusu fundi akate hata kimoja bila hesabu ya mhandisi.

Pima pia kimo. Tuseme kutoka juu ya boriti za zamani hadi kileleni ni mita 2.4. Boriti mpya na mbao za sakafu zitakula sentimita kama 15, kizuia baridi na jipsamu chini ya paa 10 nyingine. Umebaki na mita 2.15, na hiyo ni katikati tu. Chumba chenyewe hakina kimo cha chini kilichowekwa na kanuni, lakini ngazi inacho: mita 2 kutoka kidato hadi kilicho juu yake. Kwa ngazi ya dari inakubalika mita 1.9 katikati na 1.8 pembeni, na mwinuko wake usizidi nyuzi 42. Ndiyo sababu mimi huanza kuchora ngazi kabla ya kuchora dirisha.

Moto ndio unaonifanya niwe mgumu kwa wateja. Nyumba ya ghorofa moja ikipata chumba darini, sakafu mpya huwa juu ya mita 4.5 kutoka ardhini, na dirisha halihesabiki tena kuwa njia ya kujiokoa. Inabaki ngazi peke yake. Kuta zinazoizunguka, kutoka darini hadi mlango wa nje, zinatakiwa kuzuia moto dakika 30, milango ya vyumba inayofungukia humo angalau dakika 20, na ving'ora vya moshi vya umeme viunganishwe kila ghorofa.

Kwa yule mama, ngazi ilishukia sebuleni, na sebule ilikuwa imefunguliwa hadi jikoni. Nilipomwambia ukuta urudi hakupenda. "Ule ukuta niliubomoa kwa pesa yangu mwenyewe!"

"Mama, moto ukianzia kwenye jiko saa nane usiku, wajukuu watapitia wapi?"

Alikaa kimya, akaangalia ngazi, kisha akauliza ukuta wenyewe utakuwa na urefu gani.

Kazi iliyofanywa bila idhini ya kanuni za ujenzi tangu tarehe 11 Novemba 1985 inaweza kuombewa cheti cha kuhalalishwa, ila mkaguzi wa ujenzi ana haki ya kutaka pafunguliwe aone kilichofichwa. Yule mama aliamua kuomba. Sakafu iling'olewa yote, na wajukuu wakalala kwa bibi yao chumbani miezi minne. Siku ya ukaguzi wa mwisho mkaguzi alipanda hadi juu, akabonyeza king'ora cha darini, na vya chini vikalia vyote kwa pamoja. Yule mdogo akaja mbio kutoka bustanini kuuliza kama sasa vitanda vinaweza kupandishwa.