Maumivu Yasiyoonekana kwenye Picha

Swali: Nilikuwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Miaka miwili iliyopita niliumia mgongo. Eksirei niliyopiga hapa Moshi haikuonyesha kitu, lakini hadi leo silali vizuri, na nyumbani wanasema ninakwepa kazi. Je, maumivu haya ni mawazo yangu tu?

Hapana. Eksirei huonyesha mifupa, wala haionyeshi namna neva zinavyofanya kazi. Maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3 huitwa maumivu sugu, nayo yaweza kuendelea hata baada ya jeraha kupona.

Swali: Yanaendeleaje ilhali jeraha limepona?

Mtafiti aliyelitolea ushahidi jambo hili ni Clifford Woolf, daktari aliyesomea Johannesburg, kisha akahamia London kufanya kazi na Patrick Wall, ambaye mwaka 1965, pamoja na Ronald Melzack, alitoa nadharia kwamba katika uti wa mgongo mna kama lango linalopitisha au kuzuia taarifa za maumivu. Mwaka 1983 Woolf alieleza kwamba panya aliyeunguzwa mguu huukunja hata anapoguswa kidogo, na kwamba sehemu iliyoungua ilipotiwa ganzi, hali hiyo haikuisha. Kwa hiyo tatizo halikuwa mguuni peke yake. Neva za ndani ya uti wa mgongo zilikuwa zimebadilika.

Neva za jeraha zinapopeleka taarifa mfululizo, kemikali iitwayo glutamati humiminika kwa wingi, na vipokezi, yaani milango midogo kwenye neva za uti wa mgongo, vilivyokuwa vimezibwa na madini ya magnesi hufunguka. Baada ya hapo neva huwa kama mbwa wa nyumba iliyowahi kuvunjwa na wezi: hata mbuzi akipita, hubweka.

Swali: Basi niendelee kumeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kila siku?

Usifanye hivyo bila daktari, kwa sababu ikitumiwa muda mrefu yaweza kudhuru tumbo na figo, na mara nyingi haisaidii sana pale tatizo lilipo katika neva zenyewe. Daktari anaweza kukushauri mazoezi yanayoongezwa polepole, au kukuandikia amitriptilini kwa dozi ndogo, dawa ya sonona ambayo pia hutuliza neva.

Hata hivyo, ukipata homa, ukikonda, miguu ikilegea au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani kifua kikuu nacho hushambulia uti wa mgongo.