Umeweka `if`, lakini prosesa imeshapita: dhana potofu kuhusu Spectre ndani ya kerneli

Spectre ni udhaifu wa prosesa: kazi inayofanywa kwa kukisia huacha alama zinazovujisha siri za kumbukumbu, hata za kerneli, kiini cha mfumo endeshi.

Dhana: nimekagua mipaka ya safu, basi siri haivuji.

Hii ndiyo iliyoota mizizi zaidi. Kwa mantiki ya lugha ya C uko salama. Kwa prosesa, bado. Ikiwa `idadi`, yaani urefu wa safu, haimo kwenye kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi ya prosesa), kuileta kutoka RAM huchukua mamia ya mizunguko, na prosesa haingoji. Hukisia jibu la `if`, ikasonga mbele.

Muuza viazi karai wa Mwembe Tayari akimwona mteja wake wa kila jioni avuka barabara, humfungia viazi kwenye gazeti kabla hajaagiza. Mteja akitaka bajia, viazi hurudi kwenye sinia, ila gazeti limeshalowa mafuta. Prosesa nayo hufuta kisio lake, lakini baiti iliyosomwa nje ya safu ikishatumika kuchagua anwani ya usomaji wa pili, mstari wa kashe wa baiti 64 hubaki umevutwa. Mshambuliaji hupima muda wa kusoma, akaujua mstari ulio tayari, na kwa huo akaijua baiti. Ndiyo Spectre ya aina ya kwanza (v1), iliyosajiliwa kama CVE-2017-5753, iliyotangazwa Januari 2018.

Tiba kwenye kerneli ya Linux ni mstari mmoja, ule wa `array_index_nospec`, mahali pake:

```
if (i >= idadi)
    return -EINVAL;
i = array_index_nospec(i, idadi);
x = safu[i];
```

Kwenye mstari huo hakuna tawi la kukisia: fahirisi (namba ya nafasi kwenye safu, hapa `i`) iliyozidi hugeuzwa 0 kwa hesabu ya biti. Ukiutanguliza mstari huo mbele ya `if`, fahirisi mbovu inakuwa 0, inapita ukaguzi, na mtumiaji anapewa kipengele cha kwanza badala ya kosa. Ukihifadhi jibu kwenye `j` kisha ukasoma `safu[i]`, hujakinga kitu.

Dhana: KPTI imemaliza yote.

KPTI, inayotenga kurasa za kumbukumbu za kerneli na za programu za kawaida, huzuia Meltdown, udhaifu mwingine ambapo programu yenyewe husoma kumbukumbu ya kerneli. Hapa kerneli inasoma kumbukumbu yake yenyewe, kwa hiyo ukuta huo hauhusiki.

Dhana: tujaze `lfence` kila mahali.

Kwenye prosesa za x86 (Intel na AMD), amri hii ya kuifanya prosesa isubiri huzuia kweli, lakini ndani ya kitanzi chenye shughuli nyingi utalipa kwa kasi. Iweke pale tu pasipo na fahirisi ya kubana.

Dhana: seva iko Mombasa, chumba kimefungwa.

Mshambuliaji hahitaji ufunguo wa mlango. Akaunti ya kawaida kwenye seva ya pamoja yatosha. Hakikisha `/proc/cmdline` haina `mitigations=off`, inayozima kinga, kisha soma `/sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/spectre_v1`. Hata likisema kinga ipo, faili hilo halijaikagua draiva uliyoandika mwenyewe. Fungua kila `ioctl` yake (mlango wa amri kutoka kwa programu za mtumiaji), ufuate kila namba itokayo kwa mtumiaji hadi kwenye safu inayoisoma.