Wanaanga Hawaelei kwa Kukosa Uvutano: Wanaanguka

Nimefundisha fizikia miaka mingi, darasani na katika mihadhara ya jioni kwa watu wazima, na kama kuna sentensi moja iliyonichosha ni hii: "Kule juu hakuna uvutano, ndiyo maana wanaelea." Wiki iliyopita nimeisikia mara tatu. Kwanza kwa mwanafunzi anayejiandaa na mtihani, kisha kwa mzazi wake aliyekuja kumtetea maksi zake, halafu kwa mtu mwenye shahada ya uhandisi. Huyo wa tatu ndiye aliyeniketisha niandike.

Tuanze na hesabu, maana haina mabishano. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 400. Nguvu ya uvutano hupungua kwa mraba wa umbali, hilo kila mtu analikumbuka. Wanachosahau ni kwamba umbali wenyewe hupimwa kutoka kitovu cha Dunia, si kutoka pale unapokanyaga. Wewe uliyesimama chini tayari uko kilomita 6,371 kutoka kitovuni. Mwanaanga yuko kilomita 6,771. Piga mraba, gawanya, utapata kwamba uvutano kule aliko ni kama asilimia 88 ya huu unaokukalisha kitini sasa hivi. Lau tungeweza kujenga mnara wa kimo hicho, na mtu mwenye kilo 70 akapanda mpaka kileleni akiwa na mizani yake, mizani ingesoma kilo 62. Angesimama kama kawaida. Angeangusha kikombe, kikombe kingevunjika.

Basi kwa nini wanaelea? Kwa sababu wanaanguka. Wao, chombo chao, kalamu zao na matone yao ya maji, vyote vinaanguka pamoja kwa kasi ileile.

Fikiria uko ndani ya lifti, umesimama juu ya mizani, kamba ikakatika na breki zote zikagoma. Lifti inaanguka, mizani inaanguka, nawe unaanguka. Miguu yako haiwezi kuikandamiza mizani kwa kuwa mizani inaikimbia miguu kwa kasi ileile ambayo miguu inaifuata. Mizani inasoma sufuri. Je, uvutano umeondoka? Hata kidogo, ndio huo unaokushusha! Kilichoondoka ni msukumo wa sakafu. Na kile ambacho mwili unakihisi kama uzito, kwenye nyayo, magotini, mgongoni, ni huo msukumo wa sakafu na si mvuto wenyewe. Mwaka 1907 Albert Einstein, akiwa bado mwajiriwa wa ofisi ya hataza (haki za uvumbuzi) mjini Bern, Uswisi, aliwaza kwamba mtu anayeanguka hahisi uzito wake mwenyewe. Baadaye aliliita wazo hilo la furaha kuliko yote maishani mwake, na ndilo lililomfikisha kwenye nadharia yake ya jumla ya uhusianifu, ile inayoeleza uvutano, mwaka 1915. Kwa hiyo ninapomwambia mwanafunzi afikirie lifti iliyokatika kamba, simpi kichekesho cha kupitisha muda. Nampa mlango uleule aliopitia Einstein.

Hapa huja swali la pili, na ni swali zuri: kama wanaanguka, mbona hawafiki chini?

Isaac Newton alilijibu kwa mchoro uliochapishwa mwaka 1728, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Alichora mlima mrefu sana; nasi tufikirie mzinga kileleni. Tufe likirushwa polepole linaangukia karibu na mlima. Ukiongeza baruti linafika mbali zaidi. Ongeza tena, na itafika hatua ambapo tufe linaanguka kama kawaida, ila ardhi nayo inainama chini yake kwa kiasi kilekile, kwa kuwa Dunia ni mviringo. Takwimu zake hukaa kichwani kirahisi: kitu kinachoachiwa karibu na uso wa Dunia huanguka kama mita 5 katika sekunde ya kwanza, na uso wa Dunia nao hushuka kama mita 5 kwa kila kilomita 8 hivi unazosonga mbele. Kwa hiyo kitu kinachokwenda kilomita 8 kwa sekunde, pasipo hewa ya kukizuia, kitaanguka milele bila kufika. Hiyo ndiyo maana ya kuwa kwenye obiti. Kituo cha anga, kwa kuwa kiko juu kidogo ambako uvutano umepungua, kinahitaji pungufu kidogo: kama kilomita 7.7 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kinamaliza mzunguko mmoja kwa dakika zipatazo 92, na wakazi wake huona macheo kama 16 kwa siku.

Ona basi kwamba siri ni kasi ya kwenda pembeni. Kimo peke yake hakisaidii kitu. Roketi ikirushwa wima kabisa mpaka kilomita 400, kisha injini zikazimwa, itarudi chini kama jiwe, abiria wake wakielea njia nzima mpaka hewa ianze kuwabana. Ndiyo maana ukitazama roketi ikiondoka, huenda wima mwanzoni tu ili itoke kwenye hewa nzito, halafu inaanza kulala. Sehemu kubwa ya mafuta yake huchomwa kutafuta ile kasi ya pembeni.

Mtu akiendelea kubisha, huwa simwongezei maneno. Namwambia achukue chupa ya plastiki, atoboe tundu dogo karibu na kitako, aijaze maji na aache mfuniko wazi. Maji yatachuruzika. Sasa aiachie ianguke kutoka mahali pa juu, na mwenzake aitazame kwa makini au airekodi kwa simu. Muda wote chupa iko hewani, maji hayachuruziki. Maji yanaanguka, chupa inaanguka, hakuna kinachomkandamiza mwenzake, kwa hiyo hakuna cha kuyasukuma maji yatoke tunduni. Kwa nusu sekunde chupa hiyo imekuwa chombo cha anga, na hakuna aliyeuzima uvutano mle chumbani. Tafadhali fanyeni jaribio hili na watoto. Nimeona wanafunzi ambao vitabu vitatu havikuwabadilisha wakibadilika kwa chupa moja.

Ushahidi mwingine ni ndege za mafunzo. Wanaanga hujizoeza ndani ya ndege zinazopanda kwa kasi, kisha zinafuata njia ya upinde kama jiwe lililorushwa. Ndani yake watu huelea sekunde ishirini na kitu kila mara, na ndege yenyewe iko kwenye kimo ambacho ndege za abiria hupita kila siku. Hakuna anayedai uvutano hukatika pale.

Nadhani chanzo cha kosa ni kuchanganya hewa na uvutano. Watu wamesikia, na ni kweli, kwamba huko juu ni karibu ombwe tupu. Kutoka hapo wanaruka hadi kwenye wazo kwamba uvutano nao umeisha, kana kwamba hewa ndiyo inayoubeba. Uvutano hauhitaji hewa. Kama ungeishia mpakani mwa angahewa, Mwezi ungekuwa umeshatuacha zamani. Mwezi uko mbali na kitovu cha Dunia mara 60 hivi kuliko sisi tuliosimama chini, kwa hiyo Dunia inauvuta kwa nguvu ambayo, kwa kila kilo, ni 1 ya 3,600 ya ile tunayoipata sisi. Kwa kipimo hicho Mwezi huanguka kuelekea kwetu kama milimita 1.4 kila sekunde, na milimita hizo zinatosha kuupinda njia yake iwe duara. Newton alifanya hesabu hii. Mimi kila nikiifanya ubaoni bado nasisimka: tunda linaloanguka na Mwezi unaozunguka ni jambo moja.

Na kwa upande mwingine, hata ule utupu si kamili. Kwenye kilomita 400 bado kuna hewa nyembamba mno, inakikwaruza kituo na kukipunguzia kimo, hivyo mara kwa mara injini huwashwa kukipandisha tena. Kituo cha Skylab cha Marekani kilishuka hivyo hivyo mpaka kikaingia angahewani Julai 1979, na baadhi ya vipande vyake vikaangukia Australia Magharibi. Wanaosema kule hakuna uvutano wanieleze ni nini kilichokirudisha.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: tuache kuandika "pasipo uvutano" ubaoni. Tuseme hali ya kutohisi uzito. Ni maneno mengi zaidi, lakini ni ya kweli, na hali hiyo ina maajabu yake isiyohitaji kupambwa kwa uongo. Mwali wa mshumaa huko huwa mviringo na wa rangi ya samawati, kwa sababu hewa ya moto haipandi. Juu na chini havina maana. Mifupa nayo, kwa kutobebeshwa mzigo, huanza kulegea: bila mazoezi makali, mifupa ya nyonga inaweza kupoteza asilimia 1 au zaidi ya uzito wake wa madini kwa mwezi. Ndiyo sababu wanaanga hutumia kama saa mbili kila siku kwenye mashine za mazoezi.

Kuna dhana nyingine potofu za sayansi ninazozisikia; hizo nitazipitia haraka, maana zinaniudhi kidogo tu.

"Joto huja Dunia inapolikaribia Jua." Dunia huwa karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kama milioni 152. Januari hiyo hiyo, nusu ya kaskazini iko katikati ya baridi na nusu ya kusini inaungua. Kama umbali ndio sababu, nusu zote mbili zingepata joto pamoja. Sababu ni mhimili wa Dunia, ulioinama kwa nyuzi 23.4. Nusu iliyoelekezwa kwenye Jua hupata miale ya wima na mchana mrefu.

Kosa hilo hilo la kuabudu umbali huwafanya watu waseme Zebaki ndiyo sayari yenye joto kuliko zote kwa kuwa iko karibu na Jua. Ni Zuhura. Angahewa yake nzito ya kabonidioksaidi inalizuia joto lisitoke, na uso wake una nyuzi kama 465 za Selsiasi usiku na mchana. Tena Zuhura hujizungusha polepole hivi kwamba mzunguko mmoja kwenye mhimili wake, siku 243 za kwetu, ni mrefu kuliko mwaka wake wa siku 225.

"Jua ni moto unaowaka." Kuwaka kunahitaji oksijeni, na hata ingepatikana, Jua lenye ukubwa huo likiwa makaa ya mawe lingekwisha kwa miaka elfu chache. Lina umri wa miaka kama bilioni 4.6. Kinachotokea katikati yake ni viini vya atomi za hidrojeni kuungana kuwa heli, na katika kuungana huko Jua hupoteza tani zipatazo milioni 4 kila sekunde, zinazogeuka kuwa nishati. Sehemu ya nishati hiyo ndiyo mwanga unaosomea.

"Radi haipigi mahali pamoja mara mbili." Jengo la Empire State mjini New York hupigwa mara 20 na zaidi kwa mwaka. Mlinzi wa hifadhi nchini Marekani, Roy Sullivan, alipigwa mara 7 kati ya 1942 na 1977 na akapona zote. Msemo huu unaweza kuua mtu anayekimbilia chini ya mti ambao umeshapigwa, kwa hiyo usiurudie hata kwa utani.

"Ukuta Mkuu wa China unaonekana kutoka Mwezini." Ukuta ni mrefu sana lakini upana wake ni mita chache tu. Kuuona kutoka kilomita 384,400 ni kama kuuona unywele mmoja ulio umbali wa zaidi ya kilomita 4. Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda anga za juu, mwaka 2003, alisema hakuuona hata kutoka kwenye obiti, ambako ni karibu zaidi mara elfu moja hivi.

"Kizito huanguka haraka kuliko chepesi." Hili nimelibakiza makusudi, kwa kuwa ni ndugu wa lile la kwanza. Unyoya huchelewa kwa sababu ya hewa, si kwa sababu ya wepesi wake. Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama Mwezini mbele ya kamera, nyundo mkono mmoja na unyoya mkono wa pili. Hapakuwa na hewa. Kwa mujibu wa wale wanaonichosha, hapakupaswa kuwa na uvutano pia. Akaviachia kwa wakati mmoja. Vikashuka taratibu, kwa sababu uvutano wa Mwezi ni kama sehemu 1 ya 6 ya wetu, na vyote viwili vikagusa vumbi pamoja.