TEHAMA mbele ya bodi: yanayoaminika na yalivyo hasa

Bodi za vyama vikuu vya ushirika, maghala na kampuni za korosho Mtwara na Lindi hupitisha bajeti ya TEHAMA baada ya maelezo ya nusu saa. Humo ndimo dhana zifuatazo hupenya, maana zinasikika vizuri na ni nadra mjumbe kuomba hesabu yake.

"Tuna mitandao miwili, hatuna wasiwasi."

Kampuni mbili zinaweza kukodi nyuzi ndani ya mkongo mmoja wa intaneti uliofukiwa kando ya barabara moja. Greda likiukata, zote zinazima dakika ile ile. Na hata zikitengana nchi kavu, zaweza kukutana baharini: tarehe 12 Mei 2024 hitilafu kwenye mikongo ya EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti nchini kwa wateja wa kampuni nyingi kwa mpigo. Ombeni ramani ya njia, kutoka ofisini hadi Dar es Salaam na kutoka hapo hadi nje ya nchi, iwe kiambatisho cha mkataba. Anayesitasita kuitoa huenda anapita njia ya yule wa kwanza.

Tazameni pia ahadi ya upatikanaji wa huduma. Asilimia 99.5 ikipimwa kwa mwaka inamruhusu mtoa huduma kuzima karibu saa 44, na hakuna kinachozuia saa hizo zote kuangukia wiki moja ya minada. Ikipimwa kwa mwezi inabaki kama saa tatu na nusu. Sentensi moja tu ya mkataba hubadilisha hilo. Ghalani, mzani na risiti viweze kufanya kazi bila mtandao, kisha taarifa zipande ukirudi.

"Nakala rudufu tunazo."

Sawa, taarifa zenu zimehifadhiwa pia kwingine, lakini mfumo ukiharibika zinarudi kwa muda gani? Chukueni mfumo wenye gigabaiti 500, nakala yake iko mbali, na laini yenu ni megabiti 20 kwa sekunde. Hesabu inatoa sekunde 200,000, yaani saa 55 na ushee, tena kama laini nzima imeachwa kwa kazi hiyo na haikatiki hata mara moja. Siku mbili na zaidi wakulima wakisubiri malipo ya mnada, na simu za wenyeviti wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, hazipumziki.

Kwa hiyo nakala ya kurejesha haraka iwe hapa hapa kwenye diski, lakini si chumba kimoja na seva. Jengo jingine ni bora. Nyingine ikae mbali kwa ajili ya moto au mafuriko. Diski isibaki imechomekwa kwenye seva muda wote, kwa sababu virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha huifunga nayo pia. Kosa hili ni la kawaida mno, na hujulikana siku ya msiba wenyewe.

Kila miezi mitatu, afisa TEHAMA arejeshe nakala kwenye mashine ya pembeni, mhasibu afungue daftari la malipo na kulinganisha jumla, na saa zilizotumika ziandikwe. Bodi yenyewe ipange namba mbili: kazi ya saa ngapi tuko tayari kuirudia kwa mkono, na saa ngapi tunaweza kukaa bila mfumo. Namba hizo ni uamuzi wa biashara. Kumwachia kijana wa kompyuta ni kumbebesha mzigo usio wake.

"Mfumo mpya utasafisha taarifa."

Utazipokea zilivyo. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, ilhali Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Ikiingizwa bila vistari kwenye seli ya kawaida, tano za mwisho zinageuka sifuri, na hazirudi hata mkibadili muundo wa seli baadaye. Akaunti ya benki inayoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo. Mkulima mmoja huandikwa Hamisi huku na Hamis kule, malipo yakakwama benki kwa jina kutolingana, na lawama ikatupiwa mfumo.

Safuwima za NIDA, simu na akaunti ziwekwe kuwa maandishi kabla ya kubandika chochote. Kisha tafuteni namba zinazojirudia na zile zinazoishia sifuri tano, mzirudishe AMCOS zikahakikiwe na mkulima mwenyewe. Kazi hii huchukua wiki kadhaa, na ndiyo inayokosa fungu kwenye bajeti nyingi.

"Tukihamia kwenye wingu, jukumu ni la mwenye wingu."

Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtambua mkusanyaji na mchakataji. Mwenye wingu, yaani anayewakodishia seva kupitia intaneti, ni mchakataji. Taarifa za wakulima mmezikusanya ninyi, kwa hiyo jukumu linabaki kwenu. Zikisafirishwa nje ya nchi kuna masharti yake, basi swali la seva ziko nchi gani liulizwe kabla ya sahihi.

"Gharama ni ile ya zabuni."

Ongezeni leseni za kila mwaka, mafunzo na matengenezo. Mkimlipa mtoa huduma wa nje asiye mkazi, kuna kodi ya zuio ya asilimia 15, inayokatwa kwenye malipo yake. Mkataba ukisema apokee kiasi kamili, ankara ya 100 inakuwa takriban 117.6 mfukoni mwenu, na VAT bado. Betri za asidi za UPS, kifaa kinachoshika umeme ukikatika, hupoteza karibu nusu ya maisha kwa kila nyuzi joto 10 juu ya 25, na chumba kisicho na kiyoyozi Mtwara hufika huko bila shida. Hewa ya chumvi nayo hula viunganishi. Wekeni vipuri stoo kwenu: Dar es Salaam ni takriban kilomita 560, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo.

"Tubadilishe mfumo Septemba, msimu ukianza tuwe tayari."

Septemba mmechelewa. Minada ya korosho huanza Oktoba, na kasoro nyingi huonekana wiki za kwanza za mzigo halisi. Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya bure ya usalama 14 Oktoba 2025, katikati ya harakati hizo hizo, na waliosubiri tarehe walijikuta wakibadili kompyuta huku magunia yakipimwa. Kati ya Mei na Juni kuna salfa na pembejeo, kisha ufuta na mbaazi. Nafasi iliyobaki ni Februari hadi Aprili, mvua za msimu zikiwa bado zinanyesha, kwa hiyo safari za mafundi na vifaa vya kupeleka AMCOS za mbali zipangwe mapema. Ufuta na mbaazi vitumike kujaribu mfumo kwa mzigo mdogo, ule wa zamani ukiendelea sambamba hadi jumla za malipo zilingane mara mbili mfululizo.