Cheti cha Uongozi Hakikupi Cheo: Kinachotakiwa Ukirudi Kazini

Kila mwaka mpya wa fedha unapoanza Julai, sisi tunaofundisha watumishi wa umma Tanzania hupokea barua zinazofanana. Mtumishi amesoma kozi ya uongozi, pengine hadi shahada ya uzamili, amerudi kituoni, na anauliza kwa nini hajapandishwa cheo. Malalamiko haya yameongezeka. Yanatoka kwa watu wanaojituma, wengi wamejilipia ada wenyewe, kwa hiyo wanastahili kujibiwa kwa uwazi.

Kupanda cheo kunaongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, kanuni zake, na muundo wa maendeleo ya utumishi wa kila kada, yaani waraka unaotaja ngazi za vyeo na sifa za kila ngazi. Zinaangaliwa sifa zilizotajwa kwenye muundo, nafasi yako katika tange (orodha ya watumishi kwa ukuu kazini), utendaji wako uliopimwa, na kama nafasi ipo kwenye ikama (idadi ya nafasi zilizoidhinishwa) na imetengewa fedha. Cheti kina uzito pale muundo unapokitaja. Anayetaka kubadilishiwa kada baada ya masomo hupitia kwa mwajiri wake, mwajiri huomba kibali, na mpaka kibali kitoke mtumishi anaendelea na cheo alichonacho. Aliyekwenda masomoni bila ruhusa ya maandishi yuko pabaya zaidi: kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa siku kadhaa ni kosa linaloweza kumfukuzisha kazi, hata kama muda wote alikuwa darasani akijifunza uongozi. Tumeyaeleza haya mara nyingi, na bado tunaandikiwa kwamba "mwajiri ananibania". Mwajiri hana uwezo wa kukupa nafasi ambayo haipo kwenye ikama.

Jambo linalotuhusu zaidi ni hili: huyu aliyesoma, walio chini yake wameona nini kilichobadilika? Hata anayesimamia mtu mmoja tu anaongoza. Haina haja ya kusubiri barua ya uteuzi ili kuyatumia mafunzo.

Tuanze na upimaji wa utendaji, kwa sababu malengo ya mwaka yanaingizwa sasa. Tangu mwaka wa fedha wa 2023/24 PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi, umechukua nafasi ya OPRAS, mfumo wa zamani uliokuwa wa fomu za karatasi. Chini ya OPRAS wengi walizoea kujaza fomu mwisho wa mwaka, msimamizi akasaini bila kusoma, fomu ikaambatishwa kwenye maombi ya kupandishwa cheo. Mazoea hayo yamehamia kwenye kompyuta. Tunaona majukumu yaliyoandikwa "kuhudumia majalada" au "kufanya kazi nyingine nitakazopangiwa", na msimamizi ameyaidhinisha. Utampimaje mtu kwa kipimo hicho? Mtumishi wa masjala akiandika kwamba kila barua inayopokelewa itafunguliwa, itasajiliwa na kumfikia mwandikiwa siku hiyo hiyo, yeye na msimamizi wake wote wanajua kilichoahidiwa na watajua kama kimefanyika. Kukaa na mtumishi nusu saa mkakubaliana sentensi moja ya namna hiyo ndiyo kazi ya uongozi yenyewe. Msimamizi anayeidhinisha majukumu ya watu kumi kwa dakika tano hajaongoza mtu, na Juni ikifika hana haki ya kulalamika kwamba vijana wake hawafanyi kazi.

Angalia pia madokezo, yale maelekezo mafupi yanayoandikwa ndani ya jalada. Fungua jalada lolote lililokaa ofisini muda mrefu na utakuta dokezo la bosi: "Tafadhali shughulikia." Halisemi lishughulikiwe na nani kati ya watatu waliotajwa, hadi lini, wala mamlaka ya aliyepewa yanaishia wapi. Jalada linazunguka, mwananchi anaambiwa arudi wiki ijayo, na mwisho lawama zinamwangukia afisa wa chini. Darasani tunafundisha kukasimu madaraka, yaani kumkabidhi wa chini yako kazi na mamlaka ya kuifanya, kwa siku kadhaa, na kila mshiriki anaweza kutaja kanuni zake. Kiongozi aliyeelewa somo anaandika: fulani, andaa rasimu ya jibu, niione Alhamisi, ukikwama uliza mapema. Ni maneno machache, na anayekasimiwa anafanya kazi bila hofu. Ifahamike kwamba kukasimu hakumwondolei kiongozi uwajibikaji. Kazi ikiharibika atakayeulizwa kwanza ni yeye.

Mahali ambapo tunagundua haraka kama mtu alielewa alichosoma ni kwenye nidhamu. Kuna imani iliyoenea kwamba mkuu wa idara akikasirika anaweza "kumfukuza mtu". Hawezi, na hapa tunaomba tusikilizwe. Kwa makosa mazito, yale ambayo adhabu yake ni kufukuzwa kazi, kushushwa cheo au kupunguziwa mshahara, mwenye uwezo ni mamlaka ya nidhamu ya mtumishi huyo, na lazima hatua zifuatwe. Unafanyika uchunguzi wa awali. Mtumishi anapewa hati ya mashtaka inayoeleza kosa waziwazi, pamoja na notisi inayomtaka ajibu kwa maandishi katika muda uliotajwa. Akikana, inaundwa kamati ya uchunguzi, naye anapewa nafasi ya kusikilizwa, kuhoji mashahidi na kuleta wa kwake. Uchunguzi huo una ukomo wa siku 60. Ndipo uamuzi unatolewa kwa maandishi, na mtumishi asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa. Makosa mepesi yana utaratibu mfupi zaidi, lakini hata onyo au karipio halitolewi kabla ya mhusika kutakiwa ajieleze.

Hatua hizi zikirukwa, rufaa ikifika Tume ya Utumishi wa Umma uamuzi unaweza kutenguliwa hata kama kosa lilitendeka kweli. Mtumishi anarudi, ofisi nzima inamtazama, na aliyemwadhibu amepoteza heshima ambayo hakuna semina itakayomrudishia. Mara nyingi chanzo ni kiongozi aliyenyamazia uchelewaji wa miezi minane kisha akalipuka siku moja. Angemwita mtu huyo wiki ya kwanza, wakazungumza, akaweka kumbukumbu, huenda pasingekuwa na shauri lolote.

Baraza la wafanyakazi, chombo cha kuwashirikisha wafanyakazi katika uamuzi wa ofisi yao, nalo lina umri mrefu hapa nchini, tangu Waraka wa Rais wa mwaka 1970. Mwaka uliofuata TANU, chama tawala cha wakati huo, ilitoa Mwongozo uliokemea viongozi wenye majivuno, na wafanyakazi wa viwandani waliutumia kuwakabili mameneja wao hadharani. Leo baraza linaitishwa pale bajeti inapotakiwa kupitishwa, makabrasha yanagawiwa asubuhi ya kikao, na wajumbe wanaulizwa kama wanaafiki. Kiongozi aliyesoma ushirikishwaji apeleke makabrasha mapema na aache ajenda ya kero iwe ya kwanza, watu wakiwa bado na nguvu ya kusema.

Kwa wanaojiandaa kusoma mwaka huu: hakikisha kozi yako imo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri wako, na upate ruhusa ya maandishi kabla ya kulipa ada. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa mkuu wako wa kazi haitakulinda akihamishwa. Ukija darasani, njoo na tatizo moja halisi la ofisini kwako, bila majina ya watu na bila nyaraka za siri, tulifanyie kazi pamoja. Ukirudi, omba kikao na msimamizi wako ndani ya mwezi wa kwanza, mkubaliane utakachobadilisha, na mkiingize kwenye malengo yako ya mwaka. Hapo mafunzo yako yatakuwa sehemu ya utendaji unaopimwa, na utendaji huo ni miongoni mwa yanayotazamwa nafasi ya kupanda inapopatikana.