COBRA: bima ya aliyestaafu kabla ya miaka 65

Marekani, pensheni ya Social Security unaweza kuanza kuipokea ukiwa na miaka 62. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, wengi huipata wakitimiza 65. Ndugu zetu huku wanazichanganya hizi mbili, mtu anaaga kazini akiamini matibabu nayo yameshalipiwa. Kumbe bado miaka mitatu ya kujitegemea.

Kama mume au mke wako bado yuko kazini, ulizia kwanza bima ya kwake. Kama hayupo, utakutana na COBRA.

COBRA si kampuni ya bima. Ni sheria inayompa aliyeacha kazi haki ya kubaki kwenye bima ileile ya kazini, kwa kawaida miezi 18, ikiwa mwajiri ana wafanyakazi 20 au zaidi. Daktari ni yuleyule, anayebadilika ni mlipaji. Tuseme bima yako ni dola 800 kwa mwezi. Ulizoea kuona makato ya 200, kwa sababu 600 alitoa mwajiri. Sasa unadaiwa zote, pamoja na asilimia 2 ya uendeshaji: dola 816. Watu hushtuka wakifungua bahasha yenye taarifa ya COBRA.

Tafadhali usiitupe. Una siku 60 za kuamua, na ukikubali ukalipa malimbikizo, bima inahesabiwa tangu siku ile ya kazini ilipokoma. Hata ukivunjika mguu siku ya 40, hujachelewa.

Kupoteza bima ya kazini kunakupa pia siku 60 za kuingia kwenye soko la bima lililoletwa na sheria ya Obama ya 2010. Huko hawakukatai kwa sababu ya kisukari wala presha. Ruzuku yake huangalia kipato cha mwaka, si akiba uliyonayo. Ila tangu 2026, anayevuka mara nne ya kiwango rasmi cha umaskini haipati kabisa, na fedha unazotoa kwenye 401(k) ya kawaida, yaani akiba ya uzeeni ya kazini, huhesabiwa kuwa kipato. Piga hesabu kabla ya kuzitoa.

Angalia na hili: ukiiacha COBRA katikati ya mwaka kwa kuchoka kulipa, soko halikufungukii mpaka usajili wa Novemba. Na ukifika 65 jiandikishe Medicare hata kama COBRA bado ina miezi, maana ukichelewa, faini ya Sehemu B, ile ya Medicare inayolipia madaktari, utailipa maisha yako yote.